Shisha ya nyumbani: anza na mkaa na kichwa, nakshi za chupa zije mwisho

SWALI: Habari mtaalamu. Nataka kununua shisha ya kutumia nyumbani. Kwa kawaida tuko wawili, mara nyingine wanne. Dukani nimeonyeshwa aina mbili: seti ndefu yenye mirija minne, chupa ya rangi na nakshi za dhahabu, na nyingine fupi, ya chuma kitupu, mrija mmoja, bei yake karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Muuzaji anasema zote zinafanya kazi ileile. Niliwahi kuazima ya rafiki tukavuta sebuleni. Moshi ulichoma koo, na baada ya kama nusu saa kichwa kikaniuma vibaya. Je, ule ulikuwa ubovu wa kifaa? Na ukiacha shisha yenyewe, ni vitu gani vingine lazima ninunue?

JIBU: Asante kwa swali. Nianze na kichwa kuuma, maana hilo ndilo litakaloamua ununue nini na ukakiweke wapi.

Koo kuchoma na kichwa kuuma ni mambo mawili, na kila moja lina chanzo chake. Koo lilichoma kwa sababu tumbaku iliungua badala ya kupikwa taratibu. Hilo linatokana na vifaa na joto, na nitalieleza kwa kirefu. Kichwa kuuma ndani ya sebule baada ya nusu saa ni jambo jingine: cha kwanza kushuku ni kaboni monoksidi, hewa inayotoka kwenye mkaa unaowaka.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haimkohozeshi mtu. Ikifika mapafuni huishika damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa imepungukiwa na oksijeni iliyotakiwa kuibeba. Maji ya kwenye chupa hayaizuii. Yanapoza moshi na kunasa majivu kidogo, lakini hewa yenyewe inapita ndani ya mapovu kama ilivyo. Ndiyo maana hakuna shisha, hata iwe ya bei gani, inayoweza kukuondolea tatizo hili. Na aliyekaa pembeni bila kuvuta anaipata pia, kwa sababu mkaa unaimwaga chumbani moja kwa moja.

Dawa yake ni mahali pa wazi. Tumia shisha uani, barazani, au kwenye roshani isiyofungwa kwa vioo. Kufungua dirisha moja la sebule ni afadhali kuliko kutofungua, lakini usilitegemee: upepo ukitulia, hewa inajikusanya bila wewe kujua. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye orodha yako ya manunuzi, kabla hata ya shisha, ni king'ora cha kaboni monoksidi kilichoandikwa kiwango cha EN 50291 au UL 2034. Kiweke kwenye chumba kinachopakana na mahali mnapovutia. King'ora cha moshi ni kifaa kingine kabisa. Hakitambui hewa hii.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kulegea, zima mkaa kwa maji na wote mtoke nje, hata kama mnajiona mko sawa. Akizimia au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali mara moja na mseme wazi kwamba alikuwa karibu na mkaa unaowaka. Semeni hivyo kwa sababu kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati hali ni mbaya.

Na kwa kuwa umeuliza kwa nia ya kujua, upokee na hili. Maji hayaufanyi moshi wa shisha kuwa salama. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaeleza kwamba kwa kikao kimoja mvutaji huingiza mapafuni moshi wa kama mililita 90,000, wakati sigara moja ni mililita 500 hadi 600. Nikotini ipo na inazoesha. Mchanganyiko usio na tumbaku nao, ukipikwa kwa mkaa, unatoa lami na kaboni monoksidi ileile. Mjamzito, mtoto na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu wasikae karibu kabisa. Pia ziko nchi zilizopiga marufuku shisha. Hakikisha sheria ya ulipo kabla ya kutoa pesa.

Sasa tuje kwenye vifaa.

Muuzaji hakukosea sana kusema kazi ni ileile. Ukivuta mrija, hewa iliyo juu ya maji ndani ya chupa inapungua nguvu. Hewa ya nje inasukumwa kuziba pengo hilo: inapita kwenye mkaa, inapata moto, inapita kwenye tumbaku, inashuka kwenye shina, inatokea majini kama mapovu na kukufikia. Hiyo ndiyo njia pekee unayotaka hewa ipite. Kiungo chochote kinachovuja kinaifungulia njia ya mkato, na hewa inayoingia kwa mkato haijapita kwenye mkaa wala tumbaku. Unavuta sana, unapata moshi kiduchu. Hapo watu wengi huongeza kipande cha mkaa, tumbaku inaungua, koo linachoma, na kaboni monoksidi inazidi. Huenda shisha ya rafiki yako ilianzia hapo, kwenye raba moja iliyolegea.

Tukubaliane majina. Kichwa ni kibakuli cha juu kinachotiwa tumbaku. Shina ni bomba la katikati. Mguu wake ndio unaozama majini. Penye kuunganishwa mrija nitapaita kifundo, na hapo ndipo ilipo vali ndogo ya kutolea moshi uliochacha. Halafu kuna chupa, mrija, sahani ya majivu, na raba za kuziba viungo. Kiswahili kilikuwa na majina yake kabla neno shisha halijazagaa: kwenye kiko cha maji, kibakuli cha tumbaku kiliitwa bora, kijiti kinachoshuka majini digali, kifuu chenye maji ndicho kiko chenyewe, mrija wa kuvutia mdakale, na ule mlio wa mapovu malio ya kiko. Mpangilio ni uleule mpaka leo.

Kati ya hizo mbili ulizoonyeshwa, mimi ningechukua ya mrija mmoja, na sababu ya kwanza ni mirija yenyewe. Mirija minne ikiungwa kwenye kifundo kimoja, mmoja anapovuta, mitatu iliyobaki inaingiza hewa. Wenzake inabidi wazibe ncha kwa kidole gumba kila mara, na akisahau mmoja, hakuna anayepata kitu. Watengenezaji wengine huweka kigololi kwenye kila tundu ili hewa isirudi ndani kupitia mrija usiotumika. Inasaidia, lakini vigololi hivyohivyo vinakuzuia kupuliza moshi uliochacha utoke kwenye chupa, na kupuliza ndiyo njia ya kuirekebisha shisha iliyopata joto kupita kiasi. Mkiwa wanne, mrija mmoja unaopokezanwa unatosha. Kila mtu awe na kipande chake cha mdomoni cha kuchomeka kwenye ncha ya mrija: vile vya plastiki vya kutupa, au cha chuma kinachooshwa kwa maji moto na sabuni. Mafua, vidonda vya mdomo na kifua kikuu havichagui urafiki.

Sababu ya pili ni shina. Seti za nakshi za bei nafuu mara nyingi ni chuma laini au zinki iliyopakwa kromu au rangi ya dhahabu. Nje inang'aa, ndani haijapakwa kitu. Unyevu na shira ya tumbaku vinaanza kazi siku ya kwanza, na baada ya miezi michache ukisugua ndani kwa brashi inatoka kutu ya kahawia. Hiyo ndiyo unayoivuta. Kabla ya kununua, fungua shina na umulike ndani kwa tochi ya simu. Bomba zuri lina rangi moja toka juu hadi chini na mshono wake hauonekani, au umesawazishwa vizuri. Ukiona madoa, matone ya kulehemu yaliyoganda ndani, au rangi inayokatika nusu ya njia, rudisha.

Nenda na sumaku ndogo pia. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, ambacho ndicho cha kutafuta, hakivutwi na sumaku, au kinavutwa kidogo mno pale kilipokunjwa. Sumaku ikinata kwa nguvu, hicho sicho ulichoambiwa. Shaba na alumini nazo hazivutwi, kwa hiyo angalia na uzito: alumini ni nyepesi, ukiinyanyua utajua. Alumini nzuri haina ubaya, ila haipatani na siki, limau wala sabuni kali. Shaba ya njano inadumu miaka mingi ikikaushwa vizuri. Zile za shaba zilizounganishwa kwa kuyeyushiwa solda na kuuzwa kama pambo zibaki kuwa pambo, kwa kuwa solda inaweza kuwa na madini ya risasi.

Tundu la ndani ya shina ndilo linaloamua kama uvutaji utakuwa mwepesi au wa kuhangaika. Chini ya milimita 8 utavuta mpaka mashavu yaume. Milimita 10 hadi 13 panatosha. Kama huna rula, chukua penseli ya kawaida, ambayo ina unene wa kama milimita 7. Ikiingia kwa kubana, liache hilo shina. Ikicheza ndani kwa nafasi, ni sawa. Kagua sehemu zote kwa penseli hiyohiyo: shina, tundu la kifundo, na kiungio cha mrija. Njia ya hewa ni nyembamba kama sehemu yake nyembamba kuliko zote, na mara nyingi muuzaji anakusifia shina pana huku kiungio cha mrija kina tundu la milimita 6.

Urefu haukuongezei ladha. Sentimita 40 hadi 60 kwa jumla zinakutosha nyumbani, na shisha fupi haipinduki ovyo. Ile ndefu yenye mkaa juu yake, ikigongwa na mguu wa mtu au kuvutwa na mrija, inaangusha moto kwenye zulia.

Vali ifunguke kwa mkono. Ndani yake kuna kigololi kinachokaa juu ya tundu: ukivuta kinaziba, ukipuliza kinanyanyuka na moshi unatoka. Shira ikikauka hapo kigololi kinanata. Kikinatia chini, unapuliza na moshi hautoki; kikinatia pembeni, kinavujisha kila unapovuta. Kukiosha ni suala la dakika moja kama kifuniko kina hesi, na ni mateso kama kimegongwa moja kwa moja.

Chupa sina mengi ya kuisemea. Iwe ya kioo kinene, kitako kipana, mdomo mpana kiasi cha brashi kuingia, na ujazo wa kutosha ili juu ya maji ibaki nafasi ya moshi kukusanyika. Plastiki ngumu ya uwazi inapasuka nyufa ikioshwa kwa spiriti au maji ya moto. Maji ndiyo muhimu: mguu wa shina uzame sentimita 2 hadi 3, basi. Kila sentimita unayoongeza ni uzito wa maji ambao mapafu yako lazima yauinue kila unapovuta, na maji yakifika karibu na tundu la mrija utayanywa. Kitawanya mapovu, kile kipande chenye vitundu kinachovishwa mguuni, kinapunguza kelele na mtikisiko. Ukikipenda kitumie, kukikosa si hasara.

Mrija uwe wa silikoni, urefu kama mita moja na nusu, tundu la ndani milimita 10 au zaidi. Ile ya zamani ya kitambaa au ngozi yenye waya uliojikunja ndani haioshwi: maji yakiingia waya unashika kutu, yasipoingia harufu za kila ulichowahi kuvuta zinabaki. Kama seti uliyoipenda imekuja na mrija wa namna hiyo, utupe na ununue wa silikoni.

Kichwa ndicho sehemu ambayo pesa ndogo inaleta tofauti kubwa kuliko zote, na ndicho ambacho karibu kila seti, hata ya bei kubwa, inakibania. Kuna maumbo mawili. La zamani lina vitundu kadhaa, mara nyingi vitano, chini ya kibakuli. Shira inayoyeyuka inadondoka kupitia vitundu hivyo, inashuka kwenye shina hadi kwenye maji, na tumbaku ya juu inabaki kavu na kuungua. La pili lina tundu moja katikati lililoinuliwa kama kichuguu. Shira inabaki imezunguka kichuguu, tumbaku inaendelea kulowana, na hewa inapita juu. Kwa mtu anayejifunza nyumbani chukua hili la pili. Linasamehe makosa.

Kwa malighafi, chagua udongo uliopakwa ving'arisho kama vyungu vya kung'aa, au kauri nzito. Udongo mtupu ni mzuri, unatunza joto kwa utulivu, lakini unanyonya ladha: ukivutia mnanaa leo, wiki ijayo matunda yako yatanukia mnanaa. Silikoni haivunjiki, ila haitunzi joto, na ya hali ya chini inatoa harufu ikipata moto, kwa hiyo kama unaitaka tafuta yenye kibakuli cha kauri au kioo ndani. Kipimo: kichwa cha kubeba gramu 12 hadi 18 kinawatosha wawili kwa kikao kizima. Vichwa vya gramu 25 na kuendelea vinahitaji mkaa mwingi zaidi, jambo ambalo hulitaki.

Kupakia kwenyewe kuna ufundi mdogo. Koroga tumbaku kwenye pakiti kwanza, maana shira hutuama chini. Chambua vijiti na mishipa migumu ya majani. Ndiyo inayoungua mapema. Idondoshe kwa vidole ikae kama imemwagwa, usiibonyeze. Ukiibonyeza, hewa inakosa njia, joto linakaa juu, na tabaka la juu linakuwa makaa huku la chini likiwa bichi. Ukimaliza, uso wake uwe chini ya ukingo wa kichwa kwa milimita 2 hadi 3, na kichuguu kiwe wazi bila jani lililokiziba. Pitisha kidole kwenye ukingo kuhakikisha hakuna jani lililochomoza. Jani moja likigusa foili, ile karatasi ya alumini inayofunika kichwa, linaungua peke yake na kuharibu ladha yote, na hapo ndipo koo linapoanza kuchoma.

Foili ya jikoni ni nyembamba. Tumia tabaka mbili, au nunua ile nene ya shisha. Ivute mpaka ikakamae kama ngozi ya ngoma. Ikiwa inabonyea, mkaa utailazimisha iguse tumbaku. Toboa kwa kijiti cha meno au pini, mizunguko mitatu minne kutoka ukingoni kuelekea katikati, vitundu vidogo na vingi. Vikubwa vinapitisha majivu.

Badala ya foili kuna HMD, kile kikombe cha chuma chenye mfuniko kinachokaa juu ya kichwa na kubeba mkaa. Faida yake ni kwamba mkaa hauanguki kirahisi na joto unalirekebisha kwa kufungua au kufunga mfuniko. Kasoro yake ni kwamba lazima ilingane na kichwa chako. Nenda nayo dukani, au nenda na kichwa. Iketi ukingoni pande zote bila kuyumba, na chini yake isiiguse tumbaku. Ukiweka mkaa, funga mfuniko kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuvuta ili chuma kishike joto. Wanaoanza huvuta mapema, wanaona hakuna moshi, wanaongeza kipande cha tatu, na dakika kumi baadaye joto limezidi, hawawezi tena kuvuta. Iwapo ungeniambia nichague kimoja kwako, ningechagua HMD, na sababu kubwa ni usalama wa moto.

Sasa mkaa. Ule wa duara unaowaka kwa kiberiti umetiwa kemikali ya kuchochea moto. Unashika moto ndani ya dakika moja, unanuka baruti, unatoa ladha ya chuma, na unaisha haraka. Usiununue. Chukua mkaa wa vifuu vya nazi, uliokatwa mchemraba wa milimita 25 au 26. Huo hauna harufu na kipande kimoja kinakaa saa moja au zaidi. Mkaa wa kupikia au wa kuchomea nyama usiuguse kabisa kwa kazi hii: haujulikani umechanganywa na nini, unarusha cheche, na moshi wake unaingia moja kwa moja kwenye tumbaku.

Mkaa wa nazi hauwaki kwa kiberiti, ndiyo maana unahitaji jiko dogo la umeme lenye koili iliyo wazi, la wati 600 hadi 1,000. Jiko hili ni sehemu ya shisha, lihesabu kwenye bajeti. Jiko la kioo bapa litapasuka au kukwaruzika, na juu ya moto wa gesi vipande hudondoka na majivu huziba vitundu vya gesi. Liweke jiko nje, juu ya kigae au sufuria iliyogeuzwa, kwa sababu mkaa unapowashwa unatoa kaboni monoksidi hata kabla haujafika kwenye kichwa. Wacha dakika 5 upande mmoja, geuza kwa koleo, dakika nyingine 5. Uangalie kwa karibu: mwanzoni kona zinakuwa nyekundu na katikati kuna kivuli cheusi, kama kiini. Huo haujaiva. Ulioiva ni mwekundu pande zote sita chini ya vumbi jeupe la majivu. Kiini cheusi kikifika juu ya tumbaku, ndicho kinachotoa moshi mchungu unaoumiza kichwa na koo kwa pamoja.

Kwa kichwa cha gramu 15 anza na vipande viwili ukitumia HMD, au vitatu ukitumia foili, vikiwa ukingoni si katikati. Vuta taratibu, acha nusu dakika au zaidi kati ya mvuto na mvuto. Moshi ukianza kukaza koo, usiendelee kuvumilia: toa kipande kimoja kando, puliza mrija kwa upole mara mbili tatu moshi wa zamani utoke kwenye vali, subiri dakika mbili. Ukipuliza kwa nguvu maji yanapanda shinani na kulowesha tumbaku. Ikishapata ladha ya kuungua kabisa, hakuna kuirudisha. Mwaga, mwisho wa kikao.

Utaona pia vichwa vya umeme visivyotumia mkaa. Vinapunguza sana kaboni monoksidi, na kama huna sehemu ya wazi kabisa, hilo ni jambo la kulitafakari. Moshi wa tumbaku yenyewe na nikotini vinabaki palepale.

Siku ya kununua, usikubali kifungwe kwenye boksi kabla ya kukijaribu. Mwambie muuzaji akiunganishe, atie maji, bila kichwa. Ziba tundu la juu la shina kwa kiganja na uvute mrija. Unatakiwa usipate hewa hata chembe, kiganja kinyonywe. Ukipata hewa, tafuta inapoingilia: bana raba ya chupa kwa mkono mmoja na uvute tena, kisha ziba vali kwa kidole, kisha shika kiungio cha mrija. Pale uvujaji unapokoma ndipo penye tatizo. Raba ya chupa iliyolegea hurekebishwa kwa kubwa zaidi, na raba kavu hupita vizuri ikilowanishwa kwa maji. Uvujaji wa kwenye mshono wa chuma haurekebishiki, chukua shisha nyingine. Halafu toa kiganja uvute: hewa ipite kwa wepesi, mapovu yaanze mara moja.

Kila baada ya kikao mwaga maji usiku uleule, pitisha brashi ndefu kwenye shina kwa maji ya uvuguvugu, suuza mrija na uutundike wima ukauke. Majani yaliyobaki yatupe, lakini mkaa usitupe: uzamishe kwenye ndoo ya chuma yenye maji mpaka asubuhi, kwa sababu kipande kinachoonekana kimekufa chini ya majivu kinaweza kuwasha pipa la taka saa kadhaa baadaye. Na kabla hujaondoka dukani nunua seti mbili za raba za akiba: ya chupa, ya kichwa na ya mrija. Zina vipenyo tofauti na zinakakamaa kwa joto, ile ya kichwa ikitangulia.